Moto wa Chumba cha Giza

Miaka ya elfu mbili na kitu, ukishuka Kitengela ukauliza nyumba ya moto baridi iko wapi, hakuna aliyekuona umerukwa na akili. Ungeelekezwa ng'ambo ya barabara ya Namanga, nyuma ya duka la dawa za mifugo, mpaka kwenye kibao cha Studio ya Ndolo. Siku za likizo usingehitaji hata kibao, maana foleni ya watoto ilianzia mlangoni ikazunguka hadi kwenye tangi la maji. Mwenye moto alikuwa Roda Kamene, mke wa Ndolo mpiga picha. Mji mzima ulimwita Mama Mutheu, kwa jina la bintiye wa pekee.

Aliwaingiza watoto wachache wachache katika chumba kidogo cha nyuma, akavaa miwani yake kubwa ya plastiki na glavu za mpira, akawasomea sheria. Hakuna kugusa. Hakuna kuinamia beseni na kunusa. Anayetaka kupiga kelele apige, hapa si kanisani. Kisha mlango ulifungwa na giza likawa giza kweli, lile la kutoona hata kidole ulichojitia puani. Watoto walisikia kitu kikimiminwa ndani ya maji, na hapo hapo, mbele yao, maji yakaanza kuwaka. Yaliwaka kwa soni kwanza, halafu kwa nguvu, rangi ya makaa ya jiko unapopuliza majivu, bila kiberiti, bila moshi. Povu lenyewe lilikuwa taa. Lilipanda, likafurika, likateremka kando ya beseni likiwa linang'aa, na kabla hujamaliza kushangaa likazimika. Watoto walitoka mbio, wala si kwa woga. Walikuwa wanakimbilia mwisho wa foleni ili waingie tena.

Ukiiona raha ile usingejua kwamba chumba hicho kilinusurika chupuchupu.

Roda alitoka Masii, upande wa Machakos, akaletwa Kitengela akiwa bibi arusi mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati mji wenyewe ulikuwa barabara moja, vumbi, na matope meusi ya kukung'oa kiatu mguuni mvua ikinyesha. Alitarajia kupika na kulima. Ndolo alimpa kazi zote mbili, halafu akamfungulia mlango wa chumba cha giza, na tangu siku hiyo kupika na kulima kukakosa ladha. Ndolo alikuwa amejifunza upigaji picha Nairobi, kwa mzee mmoja Mhindi ambaye alipofunga studio yake alimwachia mashine ya kuchapia na makopo ya dawa za zamani. Yeye alipenda kazi ya mbele: kuwapanga watu kwenye pazia lenye maporomoko ya maji na ndege iliyopaa, kuwainua kidevu, kuwatania mpaka wacheke. Kazi ya nyuma, ya kuosha picha, ilimchosha.

Roda aliipenda mpaka watu wakamcheka. Karatasi nyeupe inalala ndani ya beseni, linatokea jicho, inatokea pua, halafu mtu mzima anakutazama. Hilo ni jambo ambalo hakulizoea kamwe, na kila mara lilipotokea alijisikia kama msichana aliyepewa zawadi. Aliimba humo ndani. Mteja aliyekaa mbele akingoja picha ya kitambulisho alisikia nyimbo za Kikamba zikitoka ukutani na kumtazama Ndolo, naye Ndolo alijifanya hasikii.

Wiki ya kwanza Ndolo alimfundisha mambo mawili. La kwanza, mlango ukifungwa, taa nyekundu inawashwa papo hapo, kwa sababu mwanga wake hauharibu karatasi, na bila taa hiyo utamwaga dawa yote sakafuni. La pili, usiandike kitu kwa kalamu nyekundu. Roda alibisha, kwa maana alikuwa mbishi, akaandika jina lake kwa wino mwekundu kwenye kipande cha karatasi. Chini ya taa ile jina lilipotea lote, karatasi ikabaki nyeupe pepepe.

"Nyekundu hapa hupotea," Ndolo alimwambia akicheka.

Roda naye alicheka, akatupa kalamu, na neno hilo likaishia hapo.

Basi ikafika mwaka wa 2000. Mvua ilikataa, mabwawa yakakauka, na stima ikawa ya mgao, leo mnapata, kesho hampati. Picha za rangi nazo zilikuwa zimeshaingia mjini, na filamu za rangi zilipelekwa Nairobi kuoshwa, hivi kwamba Roda alibakiwa na picha za vitambulisho na za wazee waliopenda picha nyeusi na nyeupe. Kwake ilitosha. Alasiri moja dawa ya kawaida ilikuwa imekwisha, kwa hiyo alifungua kopo moja la Mhindi, lenye unga mweupe unaoitwa piro. Piro haifanyi kazi bila soda, na soda haikuwepo. Roda alifanya ambalo mama yeyote wa Kitengela angefanya: alikwenda jikoni akachota magadi, yale yale ya kulainishia githeri ya mahindi na maharagwe, yaliyotoka ziwani kule mbele ya Oltepesi. Akayatia bila kupima, na picha zikatoka, ingawa zilikuwa na rangi ya chai.

Lililobaki lilikuwa kuosha vyombo. Piro huacha madoa mabaya ya kahawia, na jirani yake Mwihaki, mwenye saluni ya mlango wa pili, alikuwa amemwambia kwamba peroksaidi ya kubadilisha rangi ya nywele hutoa doa lolote. Roda alikusanya mabaki yote katika beseni moja: piro na magadi yake, pamoja na fomalini, ile dawa kali ya kukaza filamu isilegee kwa joto. Alinyanyua chupa ya Mwihaki, na wakati huo huo stima ikapotea.

Hakushtuka. Alijua beseni lilipo kama anavyojua mdomo wake ulipo. Akamimina.

Beseni likawaka. Roda aliruka nyuma akagonga rafu, akidhani amechoma nyumba. Lakini hapakuwa na moshi wala mlio wa moto, mchemko wa povu tu, na povu lile lilikuwa jekundu la machungwa, likipanda polepole na kumulika vidole vyake. Alisogeza mkono karibu. Lilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani. Furaha ilimpanda kutoka tumboni mpaka kooni, akacheka peke yake gizani kama mwehu, kisha akaanza kuita.

"Baba Mutheu, kuja! Kuja uone!"

Ndolo alikuja mbio na kuufungua mlango wote. Mwanga wa mchana uliingia na kujaa chumbani, na alichokikuta ni mke wake, beseni, na povu la rangi ya matope.

"Moto iko wapi?"

"Ilikuwa hapa. Ndani ya beseni. Ilikuwa inawaka kama makaa, na haichomi."

Ndolo aliliangalia povu, akamwangalia mkewe, akavuta hewa iliyomkereketa koo. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mama Mutheu," alisema, "hii dawa imekupanda kichwa."

Ndolo hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Alimpenda mkewe, na aliogopa. Alimkumbuka yule mzee Mhindi alivyokuwa akikohoa miaka yake ya mwisho. Alimpeleka Roda kwa daktari, ambaye alimpima macho, akamuuliza kama analala vizuri, akamwambia akae penye hewa. Waliporudi nyumbani Ndolo alikuwa ameshakata shauri. Chumba cha giza kingefungwa. Angeng'oa mlango, atoboe dirisha, ampangishe Mwihaki, ambaye saluni yake ilikuwa haina mahali pa kuoshea nywele. Mwihaki aliposikia alishukuru sana, akaenda kutafuta sinki.

Roda alilia siku hiyo, na hakulia kwa sababu ya chumba peke yake. Mwanamume aliyemfundisha kazi, aliyeamini kila picha aliyomtolea, alikuwa hayaamini macho ya mkewe.

"Nipe mpaka Jumamosi," alimwambia.

Ndolo alifikiri. "Sawa. Unionyeshe hiyo moto mara moja tu, mimi mwenyewe niione. Ukinionyesha, mlango siugusi. Usiponionyesha, Jumamosi naung'oa."

Wiki hiyo Roda hakuwa mtu wa kuongeleshwa. Kila stima iliporudi alijifungia ndani, akaziba kwa gunia ule mwanya wa mlango uliolegea, akawasha taa nyekundu, akapanga dawa zake. Sasa alikuwa anafungua mlango kila baada ya jaribio ili hewa kali itoke, kwa maana maneno ya daktari alikuwa ameyasikia. Alimimina. Povu lilipanda, uvuguvugu ulikuja, na moto haukuja. Aliongeza magadi. Akapunguza magadi. Akabadilisha beseni akarudisha lile la kwanza. Alipika githeri ikaungua akiwaza. Mwihaki alimpa peroksaidi bila kunung'unika, ingawa kila chupa aliyoitoa ilikuwa inajaribu kumnyang'anya sinki lake, na Roda anampenda kwa jambo hilo mpaka leo.

"Labda ilikuwa ni kitu ya siku hiyo tu," Mwihaki alimwambia kwa upole.

"Kitu haiwezi kuwa ya siku moja," Roda alijibu. "Dawa ni zile zile. Mikono ni ile ile. Kuna mahali nakosea."

Jumamosi ikafika, na stima ilikuwepo. Ndolo aliingia chumbani akiwa na bisibisi katika mfuko wa shati, na Roda alipoiona ilimchoma moyo. Mwihaki alikuja na glavu zake mikononi, akiwa amemwacha mteja wake Wamaitha na dawa kichwani. Na kabla hawajafunga mlango alifika Mzee Metito kutoka upande wa Isinya, amejifunga shuka yake nyekundu, amekuja kuchukua picha ya fahali wake. Fahali huyo alipigwa picha nje ya studio kwa sababu Metito hakutaka asimame mbele ya maporomoko ya uongo.

"Supa, mzee," Ndolo alimwamkia kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Picha iko tayari, lakini ingia kwanza. Uwe shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Bibi yangu anasema maji yake inawaka moto."

Metito alimtazama Roda toka juu mpaka chini, akaona mwanamke mwenye macho ya kukosa usingizi na mikono isiyotulia, akaingia bila kuuliza neno lingine.

Mlango ukafungwa. Taa nyekundu ikawashwa. Wanne hao walisongamana kama magunia ya mahindi stoo. Roda alipanga vyombo, akamwomba Mungu kwa Kikamba, akamimina.

Povu lilipanda. Likafika ukingoni. Likatulia.

Mwihaki alikohoa kidogo. Ndolo aliinama akaangalia ndani ya beseni, akaangalia kweli, kwa moyo wa kutaka kuona, na hilo ndilo lililomuumiza Roda zaidi.

"Ni povu, Mama Mutheu," alisema taratibu. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati.

Metito hakuwa akiangalia beseni. Alikuwa ameshika ncha ya shuka yake, anaigeuza huku na huku mbele ya macho, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Nyinyi mmefanya shuka yangu nini?"

"Shuka iko sawa, mzee," Ndolo alisema.

"Sawa namna gani? Mimi nimeingia na nyekundu. Sasa hii ni nyeupe."

"Ni taa tu. Humu ndani nyekundu hupo..."

Ndolo hakumaliza, kwa sababu Roda alikuwa amemshika mkono kwa nguvu za mtu anayezama. Alikuwa anaiangalia shuka ya Metito. Nyekundu hapa hupotea. Miaka yote hiyo aliishi na taa ile, akaiwasha kila mlango ulipofungwa, bila kuiuliza, kama mtu anavyovuta pumzi. Wiki nzima alikuwa ameuwasha moto wake mara kwa mara na kuuzamisha katika mwanga wa rangi yake mwenyewe. Siku ya kwanza stima haikuwepo. Hilo tu.

"Baba Mutheu," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa kicheko kilichokuwa kinatafuta njia, "wiki ile ya kwanza ulinifundisha nini?"

Ndolo alimtazama asielewe. Roda hakungoja. Alinyanyua chupa ya peroksaidi akaitikisa, na ilikuwa tupu.

"Mwihaki, uko na ingine?"

Mwihaki angeweza kusema hana. Sinki lilikuwa limeshafika, lilikuwa nje limeegemezwa ukutani. "Niko na moja ya mwisho," alisema. "Wamaitha ako na dawa kichwani lakini atangoja." Akatoka mbio, patipati zake za mpira zikipiga sakafu, na walimsikia akimwambia mtu huko nje atulie, nywele haziwezi kukatika kwa dakika moja.

Alirudi akihema. Roda alipanga dawa upya. Aliwaambia wasogee mpaka ukutani. Akaziba mwanya vizuri kwa gunia. Akashika chupa kwa mkono wa kulia, beseni kwa wa kushoto, akavuta pumzi.

"Baba Mutheu, zima taa."

"Nizime? Utaona aje?"

"Zima."

Ndolo akazima, giza likawameza wote. Roda alimimina.

Lilianza chini kabisa ya beseni, jekundu hafifu, kama jicho linalofumbuka. Halafu likapanda. Likajaa beseni, likatokeza ukingoni, likafurika juu ya meza likiwaka, likachuruzika mpaka sakafuni, na mbele ya macho yao wote likatambaa juu ya viatu vya Ndolo na kuviwasha, kiatu kimoja, halafu cha pili. Ndolo hakuondoa mguu. Alisimama pale na viatu vya moto, akaviangalia.

"Ngai," Mwihaki alimwita Mungu kwa pumzi.

"Enkima," Metito alisema, maana yake moto. Akachuchumaa, akanyoosha kiganja juu ya povu kama mtu anayeota moto jioni, na akaanza kucheka, kicheko kirefu cha kifuani. "Enkima isiyokula kitu."

Roda hakuangalia beseni. Yeye alikuwa ameshaliona. Alitafuta uso wa mumewe, na mwanga ule mdogo ulimtolea kidevu tu, na mdomo uliokuwa wazi, kama picha inayoanza kutokea ndani ya dawa. Alijisikia mwepesi. Alijisikia angeweza kupaa pamoja na ile ndege ya kwenye pazia.

Moto ukapungua, ukawa madoa, ukazimika.

"Mama Mutheu," Ndolo alisema gizani.

"Ee."

"Uliniita nikuje nione. Mimi nikakupeleka kwa daktari."

Roda aliweka chupa mezani kwa kupapasa. Kisha akasikia viatu vya Ndolo vyenye maji vikielekea mlangoni, mkono ukipapasa ubao, na chuma cha bisibisi kikiingia kwenye skrubu.

"Uliahidi," alisema, na sauti hiyo hakuitambua kuwa yake.

Skrubu ililia, ikalia tena. Roda alipapasa swichi, na taa nyekundu ikarudi. Ndolo alikuwa amepiga goti kwenye bawaba ya chini, ile iliyolegea tangu Mutheu akiwa shule ya nasari, ile iliyoacha mwanya ambao Roda aliuziba kwa gunia kila siku na kuuombea fundi mpaka akachoka kuomba. Alikuwa anaikaza.

"Mwanga inaingilia hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Mnitafutie kiraka cha blanketi, tuzibe kabisa. Na wewe Mwihaki, usiende mbali. Hiyo sinki tutaijengea mahali pake huko nje, hata kama ni mimi nitachimba."

Mwihaki alisema atarudi, kwanza akamwokoe Wamaitha. Roda aliketi sakafuni katikati ya povu lililopoa na kulia kwa furaha bila kujificha. Metito, naye, aliivuta ile shuka yake nyeupe mabegani, akakalia sanduku la karatasi, na kusema fahali anaweza kungoja, yeye haondoki mpaka waizime hiyo taa tena.